Binti yangu anamwonea huruma muuaji

Mwalimu, asalamu alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Alfajiri nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Baba watoto ni baharia, yuko safarini. Nilisoma mpaka darasa la nane, na Kiingereza changu ni cha kuombea njia tu. Nalisema hilo mapema ili ujue kwamba ninalouliza ni jambo la watu waliosoma, lakini limeingia nyumbani kwangu na sina pengine pa kulipeleka.

Binti yangu mkubwa ana miaka 17. Yuko skuli moja ya upande wa Nyali inayofuata mtaala wa Uingereza, na karo analipiwa na mjomba wake, kakangu. Mwaka huu kwenye fasihi ya Kiingereza wanasoma tamthilia ya Shakespeare iitwayo Macbeth. Nilivyoielewa mimi, ni mtu aliyemuua mfalme wake akiwa mgeni nyumbani mwake ili atawale yeye, kisha yeye na mkewe wasipate raha mpaka wakafa.

Mtihani wa majaribio alipata alama za chini mno, na mtoto alikuwa anakesha, Mwalimu, namwona mwenyewe. Mwalimu wake ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba anasimulia hadithi, hachambui. Amelia mpaka macho yakavimba. Ananiambia yote aliyoandika aliyatoa kwenye maelezo aliyoyapata simuni, akayahifadhi neno kwa neno, na mwisho akatia fundisho kama wanavyotia wenziwe: tamaa mbele, mauti nyuma. Sasa hajui alipokosea, nami sijui nimwambie nini.

Tena tunaishi na mavyaa yangu. Usiku mmoja alimsikia mjukuu wake akisoma kwa sauti, akauliza yasemwa nini humo. Mtoto kwa ukweli wake akamfasiria: wachawi wanazunguka chungu, wanatia kidole cha chura na ulimi wa mbwa. Mama wa watu alitoka na tasbihi mkononi akasema kitabu hicho kisilale nyumba hii. Tangu siku hiyo binti anakiweka kwa jirani, anakwenda kukisomea huko kama mtu anayeiba.

Juu ya hayo, mwisho wa muhula skuli wataigiza mchezo huo, na yeye amechaguliwa awe mke wa Macbeth, yule anayemtia mumewe maneno mpaka akaua. Nimempata chumbani anasugua mikono huku ananong'ona peke yake. Nilishtuka. Na watu watasemaje, msichana wa Kiislamu jukwaani, tena kwa sura ya mwanamke kama huyo?

Lakini linaloninyima usingizi ni hili. Nilimuuliza, "Huyo Macbeth wako ni mtu wa namna gani?" Akanyamaza, kisha akasema, "Mama, mimi namwonea huruma." Nikamwambia, muuaji? Akasema hawezi kunieleza, na kwenye mtihani hakuthubutu kuandika hivyo.

Kakangu ashachoka. Anasema aache fasihi achukue somo la biashara, maana majina ya mtihani yanapelekwa mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Mama mwenye wasiwasi, Kisauni

*

Mama mwenzangu, wa alaykumu salaam.

Naanza na hilo linalokunyima usingizi, kwa sababu majibu ya mengine yamo humo humo. Binti yako aliposema anamwonea huruma Macbeth, alisema jambo la thamani kuliko yote aliyoyaandika kwenye karatasi ile. Nimefundisha fasihi sehemu kubwa ya maisha yangu, na neno kama hilo ndilo mwalimu hukaa akilisubiri darasani. Hajampenda muuaji. Amemsoma mpaka akamwona ni mtu.

Nikueleze kisa chenyewe, maana kwa ulivyokiandika umekipata, ila umeruka pale penye moyo wake. Macbeth hatujii akiwa mtu mbaya. Ni jemadari, ametoka vitani na ushindi, mfalme Duncan anamsifu mbele ya watu. Njiani, akiwa na rafiki yake Banquo, anakutana na wachawi watatu. Wanamwamkia kwa vyeo vitatu: kimoja anacho tayari, cha pili ameshapewa bila kujua, cha tatu ni ufalme. Banquo anaambiwa kwamba hatatawala yeye bali wazao wake. Kisha wanatoweka. Sasa mwulize binti yako akuonyeshe ni wapi wachawi walipomwambia Macbeth amuue mfalme. Atafungua kitabu chote na hatapaona, kwa sababu hapapo. Na Banquo aliyasikia maneno yaleyale. Yalimsumbua mpaka ndotoni, akaomba alindwe na mawazo maovu, akaishia hapo.

Kwa hiyo wazo la kuua limetoka wapi? Limetoka kwa Macbeth mwenyewe, na limemtisha. Hapa ndipo pa kukaa. Mwelekeze mtoto kwenye tendo la kwanza, onyesho la saba. Mfalme yuko mezani ndani ya nyumba ya Macbeth, anakula chakula chake. Macbeth ametoka chumbani kusimama peke yake, na anajihesabia sababu za kutoua. Huyu ni jamaa yangu. Ni mfalme wangu. Ni mgeni wangu, na mimi mwenyeji ndiye ningepaswa kumfungia mlango mtu mwenye kisu, sembuse kukishika mimi. Tena ni mfalme mpole, hajamwonea mtu, na akifa huruma yake itawaliza watu wote kama kitoto kichanga kilicho uchi. Mwisho anakiri kwamba hana chochote cha kumsukuma ila tamaa yake tu. Mkewe anapomfuata anamwambia wazi: jambo hili tuliache.

Uone basi, mama. Kila kitu ambacho wewe, mimi na mavyaa yako tungemwambia, alishajiambia mwenyewe, tena kwa maneno mazuri kuliko yetu. Hakuwa mjinga, wala hakudanganywa. Mkewe akamwuliza kama yeye ni mwanamume, akamkumbusha aliyoahidi, akampangia namna ya kuwalevya walinzi, na baada ya dakika chache yule mtu mwenye akili zote hizo akakubali. Anakwenda kuua akijua. Ndiyo maana binti yako anamwonea huruma, na ndiyo maana ameshindwa kueleza, kwa sababu maelezo ya simuni hayana nafasi ya jambo hilo.

Sasa ile methali. Tamaa mbele, mauti nyuma ni maneno ya kweli, lakini yanamfaa mwizi yeyote wa sokoni. Mtahini akiyasoma hajui bado kama aliyeandika ameifungua tamthilia hii au nyingine. Anachotaka kujua ni nini kinampata mtu aliyejua yote halafu akatenda. Hilo halijibiwi na fundisho. Linajibiwa kwa kumfuata mtu huyo hatua kwa hatua, kila anapofungua kinywa. Ningependa binti yako asiandike fundisho lolote mpaka mtihani uishe.

Twende usiku wenyewe wa mauaji, tendo la pili, onyesho la pili. Shakespeare hatuonyeshi kisu kikiingia. Anatuonyesha mume na mke baada ya tendo, gizani, wakishtuka kwa kila sauti. Macbeth ametoka na visu mkononi, amesahau kuviacha. Anachomsimulia mkewe si mfalme alivyokufa. Anamsimulia kwamba alisikia watu wawili walioshtuka usingizini wakiomba dua, akataka kuitikia amina, na amina ikamkwama kooni. Analirudia jambo hilo: kwa nini sikuweza kusema amina? Mtu ametoka kuua, na kinachomshangaza ni kwamba dua imemkataa. Kisha anasema alisikia sauti ikipiga kelele kwamba Macbeth ameuua usingizi, hatalala tena. Mkewe anamwambia asiyafikirie hivyo, watapata wazimu. Anavichukua visu mwenyewe kuvirudisha.

Halafu mikono. Macbeth anaitazama na kuuliza kama bahari yote itaweza kuiosha, na anajijibu kwamba la, mkono huu ndio utakaoigeuza bahari iwe nyekundu. Mkewe anarudi, mikono yake nayo imeloa, anasema maji kidogo tu yatatutakasa. Mwambie binti yako ayashike maneno hayo mawili, bahari na maji kidogo, asiyaachilie. Maana katika tendo la tano yule mwanamke wa maji kidogo ndiye anayetembea usingizini, taa mkononi, anasugua doa lisilokuwapo. Anasema manukato yote ya Arabuni hayataweza kuutia harufu nzuri mkono huu mdogo. Wewe wa Mombasa unajua manukato ya Arabuni ni nini. Yameingia kwenye nyumba zetu kwa majahazi, miaka na miaka. Na mumewe, yule aliyetetemeka mwanzo, wakati huo amekauka. Analetewa habari kwamba mkewe amekufa, na anachoweza kusema ni kwamba afadhali angekufa wakati mwingine, kisha anazungumza juu ya kesho na kesho na kesho, siku zinazojikokota bila maana yoyote.

Wamepishana. Aliyekuwa na hofu ameishiwa nayo, na aliyekuwa hana imemlemea. Mwanzoni Macbeth anamwandikia mkewe barua na kumwita mwenzake mpendwa katika ukuu. Katika tendo la tatu anapanga Banquo auawe, na mke anapouliza kuna nini anamjibu asijishughulishe kujua. Baada ya karamu ya usiku huo hatuwaoni tena wakizungumza. Kwangu mimi hili ndilo jambo chungu kuliko yote katika mchezo huu, chungu kuliko damu, na wanafunzi wengi hulipita bila kusimama kwa sababu hakuna anayekufa hapo. Mwanamke aliyeolewa hawezi kulipita. Usijione huna la kumfundisha mtoto kwa kuwa uliishia darasa la nane.

Hilo linanileta kwenye namna ya kumsaidia. Usiku unapokanda unga wa mahamri ya kesho, mkalishe karibu nawe. Asikusomee Kiingereza kwanza. Akuhadithie onyesho moja tu kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, na wewe umkatize kwa maswali kama unavyomkatiza jirani anayekupa habari. Huyu anajua nini sasa hivi? Anataka nini kwa huyu anayesema naye? Mbona amebadilisha maneno? Umejuaje kwamba ameogopa? Hilo la mwisho ulikazanie, kwa sababu hapo lazima afungue kitabu akuonyeshe neno lenyewe. Akishakuonyesha, aseme neno hilo kwa Kiingereza, kwa sauti, mara mbili tatu, mpaka alisikie. Tamthilia iliandikwa isemwe jukwaani. Mtoto anayeisoma kimyakimya kwenye simu anaisoma nusu.

Ninalolieleza ndilo kuchambua, si kitu kingine. Katika karatasi yake aliandika, nadhani, kwamba Macbeth alimuua Duncan kisha akajuta. Hiyo ni kusimulia. Angeandika kwamba Macbeth analirudia neno amina mara baada ya kuua, na kwamba anashangaa kunyimwa baraka anayojua ameipoteza kwa mkono wake mwenyewe, mwalimu wake angeiweka kando ile kalamu nyekundu. Neno moja dogo, na swali kwa nini liko hapo. Insha nzuri ina maneno madogo manne au matano ya namna hiyo, kila moja limekaliwa vya kutosha.

Ipo tafsiri ya Kiswahili, Makbeth, aliyoifanya S. S. Mushi ikatolewa Dar es Salaam mwaka 1968. Mkiipata kwenye maktaba au kwa wauza vitabu vikuukuu, itamfungulia mengi, na wewe utaweza kuisoma mwenyewe. Kwenye mtihani lakini anukuu Kiingereza cha kitabu chake, kwa sababu ndicho kinachopimwa. Yale maelezo ya simuni ayasome akishamaliza kufikiri, wala asiyahifadhi tena.

Sasa mavyaa yako. Kwanza kitabu kirudi nyumbani, lakini kirudi kwa ruhusa yake. Mtoto asifichefiche mbele ya nyanya yake. Hapo ndipo penye ubaya kuliko wachawi wa kwenye karatasi. Mwendee wewe kwa adabu, mwambie mama, ulisikia kipande, nakuomba usikie chote. Kisha binti amhadithie tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi aliyekulia Mombasa anajua habari za wapiga ramli. Anajua mtu huendaje kwa mpiga ramli na jambo lake tayari moyoni, akaambiwa kweli moja ndogo, akaamini na uongo mkubwa ulioifuata. Basi ndivyo alivyofanywa Macbeth. Banquo alimwonya waziwazi kwamba nguvu za giza hutuambia kweli katika mambo madogo ili zituponze katika makubwa. Hakusikia. Baadaye alikwenda mwenyewe kuwatafuta, na lile onyesho la chungu alilolisikia bibi ndilo hilo. Akaambiwa hatashindwa na mtu aliyezaliwa na mwanamke, wala hatashindwa mpaka msitu wa Birnam umjie mlimani. Akajiona amesalimika. Askari wakakata matawi ya msitu ule wakajifunika nayo, wakaja. Na Macduff, ambaye Macbeth alikuwa amemwulia mke na watoto, alikuwa ametolewa tumboni mwa mamake kwa kupasuliwa. Mwambie bibi aseme mwenyewe kama kitabu hicho kinawasifu wachawi au kinawaumbua.

Kuna sababu wachawi wamo. Tamthilia hii iliandikwa karibu mwaka 1606. Mwaka 1603 James, mfalme wa Uskoti, alikuwa amerithi na kiti cha Uingereza. Alikuwa mtu mwenye kuogopa sana uchawi, na kitabu chake mwenyewe juu ya jambo hilo kilichapishwa mwaka 1597. Tena Novemba 1605 walikamatwa watu waliokuwa wamelimbika mapipa ya baruti chini ya jengo la Bunge ili wamlipue mfalme pamoja na wakubwa wake. Watu waliokwenda kuutazama mchezo huu walikuwa bado na hofu hiyo vifuani. Kuuawa kwa mfalme kwao kilikuwa kitisho cha jana. Banquo naye aliaminika kuwa babu wa ukoo wa James, na ndiyo maana anaonekana mwema hivi. Binti yako akilitaja hilo kwa sentensi moja mahali panapofaa litamsaidia. Akiliandikia ukurasa mzima atakuwa amerudi kusimulia.

Jambo jingine atalipenda. Macbeth wa kweli alikuwapo, alitawala Uskoti tangu mwaka 1040 hadi 1057, na Duncan wa kweli alikufa vitani. Shakespeare ndiye aliyemtoa Duncan vitani akamlaza kitandani, mgeni, usingizini, chini ya ulinzi wa mwenyeji wake. Alitaka dhambi iwe nzito kadiri inavyoweza kuwa. Swali la kwa nini aligeuza hivyo ni swali zuri la insha.

Na kama bibi atasema hayo ni mambo ya Wazungu, mkumbushe ya Ngome ya Yesu, hapa hapa Mombasa. Mwaka 1746 liwali wetu, Muhammad bin Uthman al-Mazrui, aliuawa humo ndani ya Ngome na watu waliotumwa na mtawala mpya wa Oman, Ahmad bin Said. Walimjia wakijifanya wamekosana na bwana wao, naye akawapokea. Pale wageni ndio waliomuua mwenyeji. Nduguye Ali akafungwa, akatoroka, akaitwaa Ngome tena. Baadaye naye, akiwa vitani Unguja, akachomwa kisu na jamaa yake mwenyewe. Mji wetu unaijua vizuri kiu ya utawala na unajua inavyoingia kwenye nyumba za watu. Huenda bibi akawa na mengi zaidi ya kumweleza mjukuu wake kuliko yaliyomo kitabuni, na mkeshe hapo.

Kuhusu kuigiza, mimi ningemruhusu. Ile mikono aliyokuwa akiisugua chumbani ni kazi, mama. Ni onyesho la kwanza la tendo la tano, alikuwa akilifanyia mazoezi, na kama lilikushtua kwa mlango uliofunguka kidogo tu, basi mtoto analiweza. Zamani za Shakespeare sehemu hiyo ilichezwa na mvulana, kwa sababu wanawake Uingereza hawakupanda jukwaani mpaka mwaka 1660. Msichana anayeicheza leo anaipa kitu ambacho wale hawakuwa nacho. Na haihitaji mavazi ya aibu. Malkia aliyejifunika vazi refu na mtandio, taa mkononi, anatosha kabisa. Nenda skuli ukawaambie hivyo mapema kabla nguo hazijashonwa. Waulize pia mazoezi yanaisha saa ngapi na watoto wanarudije nyumbani. Ukitaka awahi kabla ya Magharibi sema waziwazi, ni haki yako.

Ila namna ya kucheza nina neno naye. Asicheze uovu. Mwanamke huyu kabla ya mauaji aliomba pepo wamwondolee huruma ya kike, na mtu haombi kuondolewa kitu asichonacho. Usiku ule alisema angemuua mfalme yeye mwenyewe kama asingefanana na babake alipolala. Alikuwa na moyo, akaulazimisha unyamaze, na ukaja kusema usingizini. Tena katika onyesho lile la usingizini Shakespeare amemnyang'anya ushairi. Anasema vipande vipande, maneno ya kawaida, habari za usiku ule zimechanganyika na jina la mke wa Macduff. Daktari na mtumishi wamesimama kando wanasikia kila kitu na hawana la kufanya. Binti yako akiyasema maneno hayo taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, watu wa Kisauni watakaokuja kumtazama hawatatoka wakisema habari za mavazi.

Kwa kakako, mpe shukrani zake zote, maana mtu anayelipa karo ana haki ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Lakini usikubali mtoto atolewe kwenye somo ambalo ndani yake amesema jambo la kwake mwenyewe. Biashara ataisoma wakati wowote. Mwombe asubiri wiki mbili. Katika wiki hizo binti aandike insha moja mpya, ya ukurasa mmoja, juu ya mikono na maji tu: Macbeth na bahari, mkewe na maji kidogo, kisha doa na manukato. Asisimulie kisa, asitie methali, na ile huruma yake aiandike waziwazi pamoja na mistari iliyomtia huruma hiyo. Ampelekee mwalimu wake na amwombe aisahihishe kwa ukali. Mwalimu akisema bado anasimulia, niandikie tena, na uniletee na hiyo insha niisome.